Koti la Mzee Makelele

Itiryo,
Tarime.
12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ghati,

Kabla hata ya salamu: nimekukosea. Nilimkosea Olima, mume wako, na kwa kumkosea yeye nikakukosea wewe. Nimeweka hilo juu kabisa usije ukaikunja barua kabla hujalifikia.

Sasa, hujambo? Wapwa zangu hawajambo? Mgongo wa Olima umepoa? Huku tu wazima. Mvua ilichelewa lakini mahindi yametoka. Simu nimepiga hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la saba.

Siwezi kutulia, Ghati. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda zizini kuangalia ng'ombe ambazo hazina shida yoyote, narudi.

Unakumbuka kile kichekesho cha Mzee Makelele? Tulikuwa tunakiangalia kwa shangazi kule Sirari, televisheni ya betri ya gari, picha inatetemeka. Wamekirudisha. Jumapili tulikaa kukiangalia, mimi, Eunice na watoto. Ikaja ile siku binti yake analeta mchumba, mtoto wa jirani yao fundi cherehani, wa kabila lile analolidharau mzee. Mzee kasimama mlangoni: "Watu wa kwenu hata kuvaa hamjui!" Na koti alilovaa kashonewa na baba yake huyo kijana! Mkewe anakuja tu, anamfunga kifungo cha koti, anaondoka.

Nilicheka mpaka machozi. Eunice hakucheka. Akasema, "Cheka tu, Waitara. Hilo koti ni mimi."

"Wewe kivipi?"

"Siku ya kumzika mama ulimtoa Olima kwa wanaume, ukamketisha na wavulana, ukampa nyama ya wavulana, eti kwao hawapiti jandoni. Mimi nililetwa hapa kwa ng'ombe za nani? Kama Olima ni mtoto, basi nimeolewa kwa ng'ombe za mtoto. Na wewe mwanaume sijui umetokea wapi."

Neema akasema, "Baba, umemalizwa." Sikumgombeza.

Ni kweli, Ghati. Ng'ombe zile Olima alizotoa kukuoa wewe, hazikumaliza hata msimu hapa. Baba alizipeleka Kerende kwao Eunice kuwa mahari. Mji wangu wote umesimama juu ya Olima, na mimi nikampa mfupa.

Tangu hapo nakiwaza kile kichekesho. Zamani niliona mzee ndiye shujaa. Matusi yake niliyakariri nikaenda nayo machungani, wenzangu wakacheka. Kumbe waliomtunga hawakumhubiria wala hawakumpiga, walimwacha aseme mpaka maneno yamrudie. Tena anabadilika kidogo kidogo: leo kakubali chai ya jirani, siku nyingine kambeba mjukuu, na bado ananung'unika. Wewe ulikuwa unamwangalia yule mama wa kifungo, mimi namwangalia mzee. Tulikaa mkeka mmoja.

Kinachonikosesha raha ni kwamba Olima hakukasirika. Alikula, akanawa, akasema, "Asante, shemeji." Wewe ndiye uliyembeba mtoto mgongoni mkaondoka kabla hatujaanua matanga. Mama alituacha wawili tu. Nikikukosa wewe, nani mwingine ataniita kaka?

Juzi nilimwambia baba mdogo Simioni, mbele ya wazee waliokuwepo siku ile, kwamba nilikosea. Wengine waliguna. Mmoja akaniuliza, "Umelogwa na televisheni?" Nikamjibu, "Labda."

Eunice anawasalimu, Neema pia, na baba mdogo anasema mlango wake hajaufunga. Mungu awalinde huko Kisumu, na aulainishe moyo wako uisome hii mpaka chini.

Jumamosi tarehe 29 mwezi huu, kabla ya chakula cha mchana, nitakuwa mlangoni kwenu. Nitamwomba Olima msamaha mbele ya watoto wenu, maana nilimdhalilisha mbele ya watoto. Halafu nitaketi pale atakaponiketisha. Akiniweka na watoto, nitakula na watoto.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata kama hupokei simu,

Waitara