Nguzo Yangu na Lori la Friji

Jumanne, 6 Mei 2025

Nina miaka sabini na saba. Nimezaliwa Majengo, Pumwani, Mzungu bado anatutawala. Mzungu ameondoka, mimi nipo. Marais watatu wamezikwa, nipo. Korona ilizoa wanaume wenye vifua kuliko mimi — nipo. Mafuriko ya mwaka jana yalibeba choo cha jirani, mimi sikulowa hata soksi. Leo nyumba yangu imepigwa na friji!

Si friji yenyewe. Lori lililoleta friji.

Rufaida, binti yetu anayekaa mtaa wa Fedha, kamnunulia mama yake friji ya kuwekea dawa ya sukari. Kampuni ya Chapu Mlangoni ndiyo imeleta. Dereva mwanamke, Kavinya, Mkamba wa Machakos. Na utingo wake, simu haitoki mkononi. Lori likarudi nyuma kwenye kichochoro chetu — gu! Nguzo ya mbele. Nguzo niliyoimwaga kwa mkono huu huu, mimi fundi Aqil, na hapa Kayole kote hakuna mwashi wa kunifunza kuchanganya simenti. Nyumba nzima ikaitika. Huko juu sufuria za Lenah, mpangaji wetu, zikaanguka zote.

Kavinya kashuka, kaona, kakaa kwenye vumbi analia kama aliyefiwa. Nikamwambia, si neno, mwanangu. Imeondoka na shari. Nikamletea maji. Ndivyo tulivyolelewa — mtu akivunja kitu kwako, unamwondolea aibu kwanza. Vipande utaangalia baadaye.

Mgeni, mke wangu, alinifinya ubavuni. Ati nimesema upesi.

Friji haina hata mkwaruzo.

Jumatano, 7 Mei

Ufa. Jana ulikuwa unywele. Leo kidole kinaingia.

Mlango wa Lenah haufungiki. Kashuka na kanga mabegani: Mzee Aqil, nguzo yako inaongea. Nikamwambia nguzo ya Aqil haiongei, ni panya.

Lakini nimeisikia. Krr. Kimya. Krr.

Ijumaa, 9 Mei

Natoka msikitini nakuta X. Nyekundu! Kubwa kama mtu, kwenye ukuta wangu. Watu wa kaunti wamekuja nikiwa kwenye swala, wakamwambia Mgeni: nguzo ijengwe upya na injinia aikubali, la sivyo Jumatano ya tarehe 21 nyumba inashushwa.

Nyumba hii ndiyo shamba letu. Kodi ya Lenah ndiyo unga, ndiyo sukari, ndiyo stima. Hatuna nyingine. Lenah kahama leo, godoro kichwani. Kaomba radhi mara nyingi kuliko wale waliotugonga.

Vijana wa kona wakapiga kelele: "Niaje mzee! Umechorewa tattoo!" Nimewatupia kiatu. Kiatu hakijarudi.

Jumatatu, 12 Mei

Ofisi ya Chapu Mlangoni. Rufaida kanishika mkono ngazi nzima, kama naenda kutahiriwa.

Kijana anaitwa Sydney. Tai. Maneno laini kama samli. Kwanza kasema lori si lao, ni la mtu anaitwa Nzuki. Dereva naye si wao, ni mshirika. Nikamuuliza, na jina lililoandikwa ubavuni mwa lori, herufi kama ng'ombe, ni la nani?

— Hilo ni letu, mzee. Lakini ni la matangazo.

Akatoa simu. Video! Utingo alikuwa anapiga picha muda wote. Nguzo, vumbi, Kavinya chini. Na mimi huyo, nimesimama wima, sauti kama ya mnadi: "Si neno, mwanangu. Imeondoka na shari."

— Ni wewe, mzee?

— Ni mimi.

— Ulisema si neno?

— Nilisema.

Basi, kasema, umesamehe. Na video tunayo.

Nikasimama. Nikamwambia, mtoto wa watu anatetemeka mbele yako, utamwambia nini — lete pesa? Nililosema ni adabu tu!

— Adabu yako tumeirekodi, mzee. Tunaithamini sana.

Rufaida aliniuliza njiani kwa nini sikukana. Nikane sauti yangu mwenyewe? Katika maisha yangu sijakana neno langu. Nitaanzia kwa kijana wa tai?

Alhamisi, 15 Mei

Kampuni imemtuma mtu wa bima, injinia Akech. Kofia ya njano, kinyundo. Ti, ti, ti. Kasema nguzo ilikuwa mgonjwa kabla ya lori.

Mgonjwa! Imebeba ghorofa tangu Rufaida ananyonya. Nikamwambia, injinia, mgonjwa amelala kwake, lori likamgonga akafa — utasema ameuawa na ugonjwa?

Akacheka. Kisha akaandika alichokuja kuandika.

Mgeni amepelekwa Fedha na friji yake. Mimi siendi. Nimeegemeza nguzo kwa kabati na milango miwili ya Lenah. Kazi nzuri. Mgongo ndio haukukubali.

Nimekula mkate mkavu. Nyumba bila Mgeni inanuka simenti.

Jumapili, 18 Mei

Rufaida kaja na neno la wakili aliyetutafutia. Njia ni moja tu. Niseme siku ile sikuwa na akili zangu. Uzee na mshtuko. Msamaha wa mtu aliyechanganyikiwa hauna nguvu, na kwa neno hilo wakili atakwenda kortini kuomba kaunti izuiwe mpaka kampuni ilipie nguzo. Anangoja simu yangu. Mwisho Jumatano asubuhi, kabla tingatinga halijafika.

Nikamuuliza, na Kayole wataniitaje?

Akalia. Kasema: Baba, watakuita mwenye nyumba.

Nikaenda kuisukuma ile milango ya Lenah irudi wima.

Jioni kaja Kavinya, nguo za kanisani. Hakukaa kitini, kakaa kwenye kizingiti. Kasema amemwambia Sydney wazi: ni mimi niligonga, mzee hana kosa. Wakamfuta kazi palepale. Watoto watatu. Nikasema pole, akasema, pole ni yako, baba.

Halafu kaniambia: siku ile nilitaka kuliacha lori nikimbie. Ungenitukana, ningekimbia mpaka leo. Uliponiita mwanangu, nikasimama.

Sasa nitamwambiaje kwamba maneno yale yalisemwa na mwendawazimu?

Kasema atamwangukia Nzuki amwazime lori lake, alete miti ya kuegemeza nguzo. Nzuki hataki hata kumwona. Nikamwambia alete minene. Nikamwambia mimi mwenyewe nitaisimamisha.

Ufa umefika dirishani.

Jumanne, 20 Mei

Nimejifunza mbele ya kioo. "Mimi ni mzee, sijui nilisema nini." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliweza. Nimeweza vizuri sana, na hapo ndipo nilipoogopa.

Simu imelia kutwa. Wakili. Rufaida. Wakili. Sikushika.

Ya Rabi, nifungulie. Sina ujanja mwingine.

Jumatano, 21 Mei

Nimeamka chokaa kwenye ndevu. Dari inamwaga.

Mlango kugongwa — Mgeni! Peke yake, kutoka Fedha, kikapu mkononi. Nikamfokea: rudi, mwanamke, nyumba inaanguka! Kaingia kama anatoka dukani. Kaweka kigoda chini ya nguzo yenyewe, kamimina mchele kwenye ungo, anachambua.

— Dawa yako iko wapi?

— Kwenye friji.

— Friji iko Fedha!

— Basi unajua pa kunipeleka. Ukitoka, natoka. Ukibaki, nabaki.

Nimevuta kigoda. Kasema nikivuta tena ataniletea aibu kwa majirani. Nimemwomba. Mimi, kuomba! Anapepeta tu.

Simu inalia. Ni wakili. Iko mezani, inazunguka kama mende.

Na nje lori linarudi nyuma. Tiit. Tiit. Tiit. Kwenye kichochoro hiki lori halirudi nyuma bure. Ni la kaunti, au ni Kavinya na miti. Sijaenda kuangalia.

Nitashika simu. Nitasema wanachotaka, au sitasema, sijui. Lakini hapa naandika kwanza, kwa mkono wangu: tarehe 6, niliposema si neno, akili zangu zilikuwa kamili na nilijua ninachosema. Asiyeamini amuulize Kavinya, aliyeambiwa. Amuulize Mgeni binti Zaid, aliyenifinya. Yuko hapa chini ya nguzo, mchele unakaribia kwisha.

Amuulize upesi.