Jina Lako Lisimamishe Pembe

Mama Cherono, mke wangu,

Tangu asubuhi sijakaa. Chai nimekunywa wima. Ng'ombe nimewazunguka mpaka wamechoka na mimi. Kesho kanisani tunakukumbuka, mwaka umetimia tangu tukuzike, na nimetangazia kokwet nzima, jirani kwa jirani, kwamba jina lako kwenye kijitabu cha ibada nitalisoma mwenyewe. Si mchungaji. Mimi.

Unakumbuka vile nilikataa kwenda ngumbaru, kusomeshwa na uzee wangu? Nikae dawati moja na wanaume niliowashinda kwa kila kitu? Ukanichorea herufi kwa unga mezani. "Baba Cherono, mdomo wetu unachanganya b na p, basi tumia macho. B ina pembe juu. P ina mkia chini. A ni yai na kijiti." Nilishika haraka kuliko mtu yeyote Bomet. Ulikubali mwenyewe.

Sasa jana huko Kericho, Cherono wetu na Akinyi, mwenye duka la kuchapa, walikuwa wamekuvalisha herufi za kujikunja. Pembe imelala, mkia umepinda. Nikatafuta jina lako, Tapsabei, sikuliona.

"Mzee, hii ndiyo watu wanapenda," Akinyi akasema.

"Mama Cherono hakuwa keki ya harusi."

"Baba, tafadhali, watu wanangoja."

"Wangoje. Mimi nimengoja mwaka."

Akinyi akacheka, akafungua aina nyingine kwenye kompyuta. Hiyo a yake imevaa kofia.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni a, mzee. A ya vitabu."

"Mke wangu hakunijulisha huyo."

Tukaendelea mpaka ikaja moja nene, wazi. Yai na kijiti. Pembe juu, mkia chini. Nikasoma kwa sauti: Tapsabei. Habari za maisha yako, ambazo atasoma Cherono, nikachagulia herufi zenye miguu mipana, kama gambuti zako za kuchumia majani chai. Hizo zibaki na kofia zao.

"Zinapatana?" nikauliza.

"Zinapatana, mzee. Una jicho."

Kwani alifikiria nini?

Nilipewa karatasi moja ya kujaribia. Leo nimewasomea ng'ombe, nimesomea mlango, nimesomea shamba lote la chai. Sikosei hata mara moja. Lakini kila nikimaliza, natulia, nasikiliza, halafu miguu inaanza kutembea tena.

Basi kesho nitasoma jina lako, kisha nitanyamaza kidogo. Watu watasema mzee amekwama. Waseme. Nitakuwa nangoja uitike.

Mume wako,
Baba Cherono
(nimeandika kwa mkono, si kidole gumba)