Siku Nilizomhoji Baba

Jumatatu, 19 Mei

Pamba hadi jua lilipokuwa kali, kisha vitabu. Ndiyo ratiba yangu tangu nirudi Ngulyati, na sina ugomvi nayo. Nyeupe safi kwenye kiroba kimoja, fifi yenye madoa kwenye kingine. Mikono inafanya kazi, mdomo unafanya mazoezi. Leo nimeuhoji mstari mzima wa pamba. Hakuna mche ulionipinga.

Karatasi zote za mtihani wa uwakili nilishapita. Imebaki moja, ya mdomo: kumdodosa shahidi wa upande wa pili mbele ya jopo. Kanuni nazijua hata usingizini. Swali fupi. Jambo moja kwa swali. Shahidi ajibu ndiyo au hapana. Usiulize usichokijua. Usiulize kwa nini, maana ukiuliza kwa nini umempa kipaza sauti.

Najua yote hayo na bado nilianguka. Shahidi wangu alikuwa mzee mstaafu mwenye mvi, amevaa koti. Nikasimama. Akaniangalia. Magoti yakakunjika yenyewe na nikamwamkia shikamoo mbele ya jopo zima. Halafu nikasema samahani mzee, naomba nikuulize, kama hutajali. Hakujali hata kidogo. Alizungumza mpaka muda ukaisha, nami nikawa namshukuru. Kwenye maoni waliandika kwamba nilimlinda shahidi.

Sapu, mtihani wa marudio, ni mwezi ujao. Nikianguka tena narudi mwanzo kabisa, masomo yote. Nina miaka ishirini na saba. Sitaki kurudi mwanzo.

Jumatano, 21 Mei

Shangazi Mbuke amekuja kutusaidia kuvuna. Nimemwomba awe shahidi wangu. Akakubali upesi mno, nilipaswa kushtuka pale pale.

Nilimuuliza kama jana alikuwa sokoni Bariadi. Akaniuliza nani kasema. Nikamuuliza kama alinunua dagaa. Akataka kujua kwani wewe hukuwala? Swali la tatu hata sikulifikisha. Tayari yeye ndiye alikuwa anauliza na mimi najibu: yule kijana wa Maswa aliyekuja Pasaka yuko wapi, mbona hasikiki, ana ng'ombe au ana simu tu. Nilijibu yote. Nilitoa hata maelezo ya ziada.

Shangazi angepasi.

Jumamosi, 24 Mei

Mgongo unauma. Nimesoma sura mbili. Michembe ya viazi na karanga mchana. Nimefurahi bila sababu ya maana.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya kanisa baba aliniuliza kwa nini naongea peke yangu shambani. Majirani wameanza kumpa pole.

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilikuwa nimemficha. Nilimwambia mpaka ile shikamoo. Nilitegemea acheke, kwa sababu mama alicheka hadi akashika ukuta. Baba hakucheka. Alisema ile haikuwa shikamoo ya kuchekwa, ndivyo alivyonilea. Akafikicha ganda la karanga mpaka nikadhani tumemaliza.

"Nihoji mimi," akasema.

Nikakataa. Mtu hamdodosi baba yake. Hapa kwetu hata kumkatiza baba akiongea ni jambo la kuitiwa kikao. Akasema ndiyo maana.

Jumanne, 27 Mei

Jaribio la kwanza, chini ya upenu, baada ya ugali. Mimi kwenye kigoda, yeye kwenye kiti chake cha mbao. Kosa la kwanza hilo. Kutoka kigodani namwona kama kilima.

Nilichagua jambo jepesi, habari ya palizi. Kila swali lilianza na baba na kuishia na baba. Yeye akajibu kama anahutubia mkutano wa chama cha msingi, akaanzia mvua za vuli, akapita kwenye mbegu za mwaka juzi, akafika kwa marehemu babu. Sikuweza kumkatiza. Nilitikisa kichwa kwa adabu.

Alipomaliza akaniuliza kama amejibu vizuri. Nikasema vizuri sana. Tukaangaliana.

Nina hofu sasa. Hofu ya kweli. Kitabu hakinisaidii kitu hapa.

Alhamisi, 29 Mei

Imetokea. Sijui kama nifurahi au nilie.

Asubuhi nilikuwa nafua. Kwenye mfuko wa shati la baba, lile la kwendea mnadani, nikakuta kizibo cha soda ya machungwa. Baba ana kisukari. Daktari alishamkataza soda, na tangu siku hiyo nyumba nzima inakunywa chai isiyo na sukari kwa ajili yake. Mama ndiye aliyeamua hivyo, ili baba asijisikie ametengwa. Mama anayependa sukari kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Jioni tukakaa. Safari hii nilileta kiti kama chake. Mama alikuwa mlangoni anabangua karanga. Sikupanga. Naandika hapa penye ukweli: sikupanga. Baba alisema uliza lolote, nami mdomo ukaenda.

Jana ulikwenda mnadani. Ndiyo. Ulikaa bandani kwa yule mama muuza vinywaji. Ndiyo. Jua lilikuwa kali. Ndiyo. Ulikuwa na kiu. Ndiyo. Pale hapauzwi uji wala chai. Hapauzwi. Kila jibu lilikuwa fupi, na kila jibu fupi lilinipa nguvu ya swali jingine. Sikuwahi kuisikia sauti yangu vile. Ilikuwa shwari kabisa. Nikaweka kizibo juu ya goti langu.

"Hiki kilikuwa mfukoni mwako."

"Ndiyo."

"Ulikunywa soda."

Karanga mlangoni zikanyamaza. Baba akanitazama, kisha akatazama chini, na mimi nikaona uso ambao sijawahi kuuona kwa baba yangu. Nikaogopa. Nikasema haraka, lakini labda ilikuwa siku hiyo moja tu, baba? Akasema ndiyo, siku hiyo tu. Akainuka akaenda kwenye zizi. Ng'ombe walikuwa wameshafungiwa, hakukuwa na kazi yoyote zizini.

Ijumaa, 30 Mei

Nimemwamkia baba mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Ameitikia, akapita. Chai ameinywea shambani.

Mama hakunisema mpaka tulipokuwa wawili tu. Alisema amefurahi kujua na amechukia kujua vile, kwa mdomo wangu, mlangoni kwake, mkononi ana karanga. Alisema nilikuwa sahihi lakini yule ni baba yangu. Nikamuuliza nifanye nini. Hajui. Akaenda kupika.

Shangazi Mbuke hajasema neno kutwa. Ukiona shangazi kanyamaza ujue mambo si mazuri.

Nimejiona mtu mbaya. Sikufungua kitabu. Kama kazi yenyewe ndiyo hii, kuwafanya wazee watazame chini, basi labda jopo liliniokoa.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda kanisani. Baba naye hakwenda. Mama na shangazi walikwenda bila kutuuliza, na nadhani walikubaliana.

Nilikuwa nachambua pamba kwenye turubai. Akaja akakaa upande wa pili, akaanza kuchambua. Nikapiga magoti pale pale kumwomba radhi. Akaniambia niinuke, naikanyaga pamba.

Halafu akaongea, polepole, macho kwenye pamba. Alisema alikasirika sana. Siku nzima ya kwanza alinikasirikia mimi, siku ya pili akakosa la kunikasirikia. Haikuwa siku moja tu. Ni kila mnada, tangu mwaka jana. Usiku wa Ijumaa alimwambia mama mwenyewe, na mama alilia, na jana mama ametia sukari kwenye chai yake mwenyewe mbele ya baba, vijiko vitatu, akainywa yote taratibu. Alipofika hapo akacheka kidogo. Nami nikacheka. Tulikuwa tumechoka kununiana.

"Ulikuwa umenibana, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Halafu ukaniita baba, nikajua nimepona. Ukanifungulia mlango nikatoka na uongo wangu."

Ni kweli kabisa. Lile swali la mwisho nililiuliza ili adanganye.

Akasema kama mtu mwingine angekuwa amedhulumiwa kwa ule uongo, mimi ningekuwa nimemsaidia mdhulumaji kwa sababu ana mvi. Alisema adabu aliyonifundisha haikuwa ya kazi hiyo. Kesho tuendelee. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ana mengine aliyoficha, madogo madogo, nitayatafuta mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Tunahojiana kila jioni. Tumeweka utaratibu. Kwanza salamu zote, kikamilifu, habari za watu na za ng'ombe, hadi mhola ya mwisho, yaani kwema. Halafu tunakaa kwenye viti vinavyolingana. Kuanzia hapo si baba, ni shahidi. Tukimaliza, anarudi kuwa baba na ananituma maji.

Amekuwa shahidi mkorofi. Anazunguka, anajifanya hasikii, juzi alijitia kukohoa. Simwachii. Jana nimegundua kwamba beberu wetu tuliyeambiwa amepotea hakupotea, alimpa rafiki yake. Shangazi Mbuke sasa anakuja na kigoda chake kabisa kusikiliza, na jirani mmoja amehamia upande wetu wa ua kila jioni kwa kisingizio cha kutafuta kuku.

Mama amempeleka baba kliniki Bariadi leo. Sukari iko juu. Amepewa dawa na maneno makali. Amerudi mnyonge lakini amerudi na mama, wakicheka jambo ambalo hawakutuambia.

Nalala vizuri. Nakula vizuri. Kesho kutwa safari ya Dar, basi la asubuhi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetoka sasa hivi. Nimekaa kwenye kibaraza cha chuo.

Shahidi hakuwa yule mzee. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mpole, kitenge kipya. Nilipofika mbele akatabasamu akaniita binti yangu. Wamemchagua makusudi, nina hakika. Nikamwamkia, maana siwezi kuacha na sitaacha. Kisha nikavuta pumzi nikaanza. Jina lake nililitaja kama lilivyo kwenye jalada. Maswali mafupi. Alijaribu kunieleza habari za wajukuu, nikamrudisha. Akaniita binti yangu mara nyingine, nikamrudisha tena. Alisema alimwona mshtakiwa. Giza lilikuwa limeingia. Ndiyo. Taa ya nje haikuwaka. Ndiyo. Miwani alikuwa ameiacha ndani. Kimya.

Kimya kile nilikijua. Nilikiacha kikae.

"Ndiyo," akasema, na akatazama chini.

Nilitakiwa kukaa hapo hapo. Sikukaa. Nikaongeza swali moja, la kijinga, nikamuuliza sasa alimtambuaje. Kipaza sauti kile! Akaanza kueleza mwendo wa mshtakiwa tangu utotoni. Nikamkatiza na kukaa, lakini alishasema sentensi mbili. Mmoja wa jopo aliandika kitu. Sijui aliandika nini.

Nimejikasirikia. Lakini sikumlinda. Hilo najua.

Jumatano, 2 Julai

Nyumbani. Matokeo bado. Pamba imekaribia kwisha, tumebaki na fifi tupu. Mama kanikataza kushika simu wakati wa kula.

Baba anaulizwa na watu njiani kama wakili ameshinda. Anawajibu kwamba wakili anavuna.

Jumanne, 15 Julai

Nimepasi.

Niliisoma shambani, jua machoni, nikaisoma tena kivulini. Alama si za kujivunia. Kwa lile swali la mwisho wamenikata alama, na wana haki. Lakini nimepasi. Nilikimbia hadi nyumbani na kiroba kiunoni, pamba ikidondoka njia nzima. Mama akapiga kigelegele, shangazi akajibu, majirani wakatoka wakidhani ni posa. Walipoambiwa ni mtihani walishangilia vilevile, ingawa shangazi anasema si kwa nguvu ile.

Baba alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wabeja, akasema, asante ya kwetu. Mara moja tu, kwa sauti ndogo. Kisha akatoka nje na akakaa huko kwa muda.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi tulivu. Upepo kidogo. Wageni wamepungua.

Jirani yetu anataka kupitisha ng'ombe wake shambani kwetu baada ya mavuno, njia fupi ya kwendea bwawani. Alimwendea baba jana kwenye kelele za furaha, wakati mzuri wa kuomba kitu. Mambo kama hayo baba huyamaliza na wazee wenzake. Sisi huyasikia yakiwa yameshaamuliwa.

Leo baba alikuja na kiti chake hadi nilipokuwa nimekaa, akanieleza habari yote tangu mwanzo, akaniuliza mimi naonaje. Nilifikiria mabua, na kiangazi, na jirani atakavyoiita ile njia haki yake mwaka kesho kutwa. Redio ilikuwa inasoma bei za pamba, habari anazozisubiri kutwa nzima.

Nilipofungua mdomo, baba aliizima.