Pampu Iliyorudi Kutoka Dubai

Jumanne, baada ya Isha

Sasa sielewi kabisa. Pampu ni nzima.

Miezi mitatu paa la kukunja la gari ya marehemu mume wangu limekwama nusu, halifungiki wala halifunguki. Fundi Makame alisema pampu inayolisukuma imekufa. Akaing'oa iwe sampuli, maana bila sampuli madukani wanakupa kitu kingine. Darajani hakuna, Dar hakuna. Nikampa mdogo wangu Rukia, aliyekuwa anakwenda Dubai kuchukua madira ya kuuza.

Leo karudi nayo. Muuza spea wa kule aliiunganisha na betri, ikanguruma.

"Kaniuliza kama tunaiuza," Rukia kasema. "Ana wateja wanaitafuta."

Nikaipeleka moja kwa moja gereji. Fundi kaigeuza, kainusa. Nikamuuliza, basi kibovu nini?

"Bi Asha, hapo na mimi nimechanganyikiwa."

Betri anazo tele pale gereji. Kwa nini hatukuijaribu hapa hapa? Sikumuuliza, kwa sababu hata mimi wazo hilo halikunipitikia.

Harusi ya binti yangu ni wiki ijayo. Nilimuahidi atapanda gari ya baba yake, na masika ishaingia. Leo pale gereji viti vyake nimevikuta vimerowa. Sijui nimwambie nini.

Nilipokuwa natoka, fundi akaniita.

"Abee," nikaitika.

"Bi Rukia anasafiri tena lini?"

Nikageuka. Mkononi ana swichi ya paa, keshaing'oa.