Baba, Wanasema Mume Wangu Halengi Bila Mimi

Baba yangu mpendwa,

Nimeolewa. Najua huko kaburini uliko habari hazifiki, lakini nimeshindwa kunyamaza. Mume wangu anaitwa Fidèle. Anafanya kazi katika atelye ya reli, anatengeneza breki za mabehewa, na akirudi jioni husimama kwanza mlangoni akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa safarini. Mikono yake inanuka mafuta ya mashine hata siku ya Jumapili. Naipenda harufu hiyo kuliko marashi ya dukani, na nilipomwambia hivyo wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Ningeweza kuijaza barua hii yote habari za Fidèle, lakini mji wetu wa Élisabethville hautaki niwe na furaha kwa utulivu.

Kuna mtu anayepiga watu risasi, Baba. Hakuna anayemjua. Alianza mvua zilipokuwa zinakwisha, upande wa daraja la Naviundu. Jua likianza kushuka unasikia mlio mmoja kutoka mbali, kisha kimya. Amemuua muuza mikate juu ya baiskeli yake. Amemjeruhi mguuni mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani. Sifanyi mzaha na msiba. Nilikwenda kwenye kilio cha yule muuza mikate, nikalia na mke wake mpaka sauti ikanikauka. Ninachokasirikia ni maneno ya watu.

Upande wa Wazungu madirisha yanafungwa mapema. Huku kwetu, kambi ya wafanyakazi wa reli, wanawake hawaaniki tena mashuka nje. Wanaume wameacha mashati meupe hata kwenye Misa, na waendesha baiskeli wanayumba huku na huku barabarani kama walevi ili asiweze kuwalenga, na tayari wawili wamegongana. Hayo naelewa. Lakini ukienda kwenye bomba la maji utasikia kwamba huyo mtu akiwa mbali kule Luano anaweza kupiga kifungo cha shati la mtu aliyeko sokoni, na kwamba risasi yake hukata kona ikifika kwenye nyumba.

Ungekuwepo, ungeuliza swali lako la siku zote: na zile zilizokosa ziko wapi? Mimi nimeziona. Ukuta wa dispensari una matundu. Pipa la maji la shule limetoboka. Waya mmoja wa umeme umekatika, mbuzi amepoteza pembe. Mtu anayelenga watu na kupata mapipa si fundi, ni mwenda wazimu mwenye risasi nyingi. Nilisema hivyo mbele ya jirani yetu, Mama Kalumba, nikidhani namtuliza. Aliniuliza taratibu nimejua wapi mambo ya bunduki.

Nikajibu kwa fahari, kama mjinga, kwamba baba yangu alikuwa mwindaji wa kambi.

Tangu siku hiyo sina amani. Unakumbuka ulivyokuwa ukiondoka na lori kwenda kuwinda upande wa Kasomeno, ili wafanyakazi wapate nyama. Mama alikuwa anashika miiko yote ya mke wa mwindaji. Hakutoka kwenda kwa majirani, hakumpa mtu yeyote moto wake, hakupandisha sauti. Sisi watoto tulikatazwa hata kunyang'anyana kijiko, maana nyumba ikiwa na ugomvi, risasi ya baba huko porini inapotea. Sasa watu wamechukua hesabu hiyo wakaigeuza. Wanasema: huyu mtu anapata, basi nyumbani kwake kuna mke anayeshika miiko. Tumtafute mke.

Na mke waliyemwona ni mimi. Sitoki sana, kwa sababu ni bibi arusi na mwezi huu sitakiwi kuzunguka. Sipandishi sauti, kwa sababu sina sababu ya kupandisha. Fidèle alikuwa askari kabla ya reli, na siku moja alizawadiwa blanketi kwa kulenga vizuri. Blanketi lenyewe tunajifunika, kila mtu ameliona likipunga upepo uani. Masista walinifundisha sekondari miaka yote ile, na hakuna siku waliyoniambia kwamba kumpenda mume kwa sauti ya chini kunaweza kuwa ushahidi.

Mama alipokuja kututembelea nilimwambia yote. Nikamkumbusha pia yule nyati uliyemkosa. Wajomba walimkalisha Mama katikati ya uwanja wakimwuliza aligombana na nani ulipokuwa porini, akaoshwa kwa dawa mbele za watu, na wewe ulikuwa umekaa pale pale, kimya. Jioni ile ulisafisha bunduki jikoni, ukaniambia mimi, mtoto wako, kwamba ilikuwa imeanguka kwenye lori, kile chuma kidogo cha mbele cha kulengea kikapinda, na risasi zote zilikwenda kushoto. "Mama yako hakukosa kitu," ulisema. Baba, nakupenda, lakini ulimwambia nani? Ulimwambia mtoto na sufuria.

Mama hakushangaa hata kidogo. Alisema alijua. Alikuona asubuhi ya siku ile, kabla hajaoshwa, ukikigonga kile chuma kwa nyundo ili kinyooke.

"Mbona ulinyamaza?" nikamwuliza.

"Wangesikia bunduki iko mubaya kwa ajili ya kuanguka, wangemunyang'anya kazi," alisema. "Mi kuoshwa, nilioshwa siku moja tu. Ninyi mulikula kila siku."

Kisha akanipa shauri lake: nigombane na Fidèle kidogo pale kwenye bomba, watu wasikie, yaishe.

Tulijaribu. Sijui nikueleze vipi. Tulisimama kwanza uani kufanya mazoezi, nikamwambia Fidèle aanze yeye. Alifikiri sana, akakohoa, akasema ninatia chumvi nyingi kwenye mboga, kwa sauti ya mtu anayeomba baraka. Mimi nikamtukana masikio yake. Akayashika masikio kuhakikisha kama yapo, nikaanza kucheka, naye akacheka, na Mama akaingia ndani akisema kwamba hatufai kitu. Kesho yake habari zilikuwa zimeenea kwamba wale wawili wanacheka wakati watu wanazikwa.

Fidèle ndiye aliyeona ubaya wa shauri lile. Alisema tukigombana leo, na kesho yule mtu akikosa, watasema mnaona, tulisema ni Fidèle.

"Na akipata?" nikauliza.

"Watasema hatukugombana ya kweli."

Basi ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Unaweza kuchukia mantiki kama hiyo ukiwa umelala, ukiamka bado ipo, inakusubiri kwenye bomba na ndoo yake.

Jumapili baada ya Misa kapita, msimamizi wa kambi, alituita uwanjani kwake. Watu walikuwa wamejaa, wote na mashati yao ya rangi ya udongo. Alisema yeye hana neno na sisi, ila wazee wameamua: Fidèle anitukane mbele ya wote, kisha nirudishwe kwetu pamoja na Mama mpaka huyo mtu akamatwe. Mwiko ukivunjika, risasi zake zitapotea. Fidèle akikataa, Jumatatu jina lake litapelekwa kwa komisera wa polisi, pamoja na habari za blanketi. Nawe unajua, Baba, mtu wa kambi akichukuliwa na polisi, hata akirudi, hakuti nyumba wala kazi.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ananifanyia ishara kwa macho: kubali, ni siku moja tu. Na mimi, Baba, nilikuwa karibu kukubali. Nilikuwa nimeanza kufikiria nitabeba nguo gani.

Mama Kalumba alisimama akasema kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi zaidi: "Baba Fidèle, haiko kukuchukia. Tukana tu. Hata tusi moja kidogo. Mwanamuke hatakufa."

Fidèle alivua kofia. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, hana kitu mkononi ila ile kofia.

"Bunduki inapiga na jicho na mukono na chuma," alisema. "Nilikosa mara mingi sana jeshini, na shikukuwa na bibi wa kulaumu. Huyu muntu anayetupiga, mi shimujue. Lakini shitamutukana bibi yangu ili ninyi mulale usingizi. Pelekeni jina."

Baba, hayo ni maneno yako. Ni yale yale ya jikoni, ila yeye aliyasema jua likiwa kali, kambi nzima ikimtazama, na nyumba yetu ikiwa rehani. Nilitaka kumrukia shingoni pale pale. Nilitaka pia kukulilia wewe, uliyekuwa na maneno hayo kabla yake na ukayaweka.

Hakuna aliyepata nafasi ya kumjibu. Ng'ambo ya reli, kabla hata ya saa yake ya kawaida, ulitoka mlio, ule ule mmoja, na bati la nyumba ya kapita likatoboka juu ya vichwa vyetu. Watu wote walilala chini, kapita akiwa wa kwanza. Fidèle alinifunika kwa mwili wake wote, na huku uso wangu uko kwenye vumbi nilimsikia Mama Kalumba, aliyelala karibu yetu, akisema kwa mshangao, "Kumbe haiko yeye."

Ulidhani wataona aibu? Mimi nilidhani. Tulipoinuka na kujipangusa, kapita alimshika Fidèle mkono, akasema jina halitapelekwa, yamekwisha. Nikasubiri mtu aseme kwamba hesabu yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Badala yake walisimama makundi makundi wakiulizana ni nyumba gani nyingine haijasikika ugomvi. Katika kambi nzima, Baba, walipata moja. Ni ya fundi cherehani anayeogopa hata sindano yake, na mke wake, Julienne, ambaye ana mimba na husema kwa sauti ndogo kwa sababu ndiyo sauti aliyopewa.

Leo asubuhi nilijifunga kikwembe changu cha arusi, kile cha maua mekundu kinachoonekana kutoka mbali, nikaenda kukaa naye mlangoni kwake. Mwezi wangu wa ndani haujaisha, najua. Mama Kalumba alipita na ndoo, akapunguza mwendo. Julienne aliniuliza polepole kama kuna tusi dogo la kumfundisha, la kumwambia mume wake, lisiloumiza.

Nikamwambia hakuna. Nikasogeza kiti karibu na chake, tukaanza kuchambua maharagwe yake, tukiongea kwa sauti ya chini.

Pumzika, Baba. Nimekukasirikia, na nimekukumbuka kuliko siku zote.

Binti yako,
mke wa Fidèle