Gauni Limegoma, Nikaacha Vidonge

Mshauri wangu, shikamoo, niokoe kabla sijaadhirika. Mimi ni fundi cherehani, mke na mama, na mwaka huu nilianza kutoka vidonda mdomoni, hata chai ya vuguvugu inaniliza, kisha yakaja malengelenge mgongoni, ukiyagusa tu yanapasuka, ngozi inabaki mbichi, hospitali wakakata kipande cha ngozi wakapima, daktari akasema ni pemfigasi, eti kinga ya mwili wangu mwenyewe inaishambulia ngozi yangu, akanipa vidonge vya steroidi vya kuituliza hiyo kinga, nami nikapata nafuu kabisa, ila uso ukawa duara na njaa ikanishika hadi namalizia sahani za watoto, sasa mdogo wangu anaolewa na gauni langu nililishona kabla ya dawa, kulijaribu, zipu ikagoma katikati ya mgongo, basi nikaacha vidonge kimyakimya ili nipungue, mume wangu hajui, na tangu jana mdomo unawaka tena, na wifi naye anasema nisimkumbatie bibi harusi nitamwambukiza. Nifanyeje?
Fundi Zipu

Marahaba, Fundi Zipu. Pole sana, mwanangu, chai kukuliza si mchezo. Sasa kaa vizuri nikuseme. Mteja akikuletea gauni linalombana, unamwambia aache dawa? Si unafungua mshono, unaongeza kitambaa, yanaisha? Loo! Umesahau kazi yako kwa sababu mteja ni wewe?

Steroidi haziachwi ghafla, mama. Mwili hutengeneza za kwake kidogo, ila ukishazoea za vidonge huacha, ukizikata unaweza kuanguka ukazimia, na malengelenge yakarudi kwa fujo. Yakipasuka mengi vijidudu vinaingia, na watu hufa kwa hilo. Nisingependa harusi ya mdogo wako igeuke msiba. Leo hii, kabla hujafungua duka, nenda hospitali na mumeo, useme ukweli wote. Dozi ataipanga daktari, ataipunguza kidogokidogo, labda akuongezee dawa nyingine. Akupime pia sukari na presha, maana dawa hizi huzipandisha. Usitumbue malengelenge, na vidonge usivikadirie kwa jicho, hivyo si kitambaa.

Wifi mwambie ugonjwa huu hauambukizi, kwa kumbatio wala kwa kikombe. Akibisha, mpe sindano atunge uzi, ashughulike.

Ukitoka hospitali, kaa kwenye cherehani ufungue hilo gauni ubavuni. Mdogo wako anakutaka pale mbele ukiwa hai, na mashavu yako yote.