Gazeti Lililofunga Chumvi

Rujewa,
14 Agosti 2005

Mdogo wangu Alfredi,

Mwezi huu natimiza miaka ishirini na minne tangu nilipofunga mizigo juu ya punda pale Gehandu. Shikamoo yako nimeipokea kwa mdomo wa binti yako Kornelia, marahaba sana. Sisi hapa ni wazima. Shemeji yako Perpetua analalamikia magoti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Natumaini baridi ya huko imepungua na ng'ombe bado wanapata maji.

Kornelia alilala kwetu akielekea Mbeya kwenye semina ya walimu, na akirudi ndiye atakayekuletea barua hii. Tulikaa uani nikamsimulia magazeti ya duka la Bura, ambayo yeye hakuyawahi. Nilimweleza kwamba gazeti lilitufikia likiwa limefunga sukari. Bura alilichana kwa kipimo cha sukari, kwa hiyo aliyenunua nusu kilo alirudi na kichwa cha habari tu. Habari yenyewe ilikuwa imeondoka na sukari ya mtu mwingine. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kwa mapadri, mliniletea vipande nisome, kisha kila mtu akajazia mwenyewe palipochanika.

Unakumbuka "HANANG KULISHA TAIFA ZIMA"? Mama akauliza wanakuja lini, na kama hao watu wa pwani wanakunywa maziwa ya mgando. Tulipomcheka alikuambia wewe, "Cheka tu, wewe ndiye utakayekwenda kuazima vibuyu." Majirani walikosa maziwa yetu kwa muda, yakisubiri taifa.

"TREKTA MOJA SAWA NA NG'OMBE MIA" kilituletea kesi kabisa. Yule kijana wa Gitting aliyekuwa akimposa Bernadina, binti wa mjomba, alituma watu waseme kwamba kaka yake ni dereva wa trekta. Je, mahari haiwezi kuzungumzwa upya? Mjomba akajibu kwamba yuko tayari kulipokea hilo trekta, ila kwanza alione likizaa. Bernadina akaolewa kwa ng'ombe wa kawaida, wenye mikia.

Kornelia alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nikaendelea, maana mzee akipata msikilizaji hana breki. Nikamsimulia kile cha mwaka tuliohama, serikali ilipochukua malisho yetu ilime ngano, "WAFUGAJI WAIPISHA NGANO KWA FURAHA." Nilikisoma punda wakiwa wameshapakiwa. Mama aliniomba nimwoneshe picha, akaitazama kwa makini akitafuta nyuso zetu. Picha ilikuwa ya trekta. Akasema labda ndilo lililofurahi. Tuliondoka tunacheka, Alfredi, na wewe uliyebaki ulikuwa unacheka, na sijui hata mmoja wetu aliyekuwa na furaha.

Kuna kimoja sikumsimulia. Mwaka wetu wa pili hapa nilinunua chumvi sokoni, ikafungwa kwenye kipande kilichosema, "HANANG: HAKUNA ARDHI ITAKAYOBAKI BILA KULIMWA." Chini yake palikuwa pamechanika. Na mimi msomi, niliyemcheka Mama na vibuyu vyake, nikafanya kama yeye: nikajazia. Nililiona trekta likipanda juu ya kaburi la Baba, kile kilima cha udongo tulichokijenga kwa miezi, watu wa koo zote wakaja, tukakimaliza kwa pombe ya asali. Niliona majembe yakikisawazisha. Niliona ngano ikiota pale. Tangu siku hiyo sikula tena mkate wala chapati. Perpetua alidhani ni tumbo.

Katika barua zangu zote nimekuuliza mvua, ng'ombe, watoto, hata bei ya maharage ya Mbulu. Kaburi sikuuliza, kwa sababu niliogopa utanijibu. Mama alipokuwa anakata roho aliniuliza kama mzee wake yuko salama. Nikamwambia yuko salama, nikatoka nje nisionekane uso. Nikajiapia kwamba siku moja nitarudi, nitembee katikati ya mabua mpaka nipatambue mahali, niweke hata jiwe.

Sasa sikia. Asubuhi ya kuondoka, Kornelia alikuwa anakunywa chai, akaanza kuwasema mbuzi wako. "Baba mkubwa," akasema, "wale mbuzi hawana adabu. Wamelifanya kaburi la babu kuwa kiti chao." Nikamwuliza kaburi lipi. Akanishangaa. "La babu Gidahosh. Kwani ana jingine?" Akachovya mkate kwenye chai. Akasema mzee Hhando, yule aliyekuwa dereva wa shamba la serikali, kila akipita hukufokea wewe kwamba alipomdanganya bwana shamba kuwa pale pana mwamba wa kuvunja jembe, hakufanya hivyo ili mbuzi wapate pa kulala. Na kwamba madereva waliomfuata, kwa kuona mwenzao alizunguka, nao wakazunguka, mpaka miti ya uzio tuliyoipanda kulizunguka kaburi ikawa mikubwa.

Nikaomba kipande cha mkate. Perpetua alinitazama kama mtu aliyefufuka. Kumbe Mama sikumdanganya.

Sikulaumu kwa kutoniambia. Ungeandika nini? Kilichosalimika hakiandikiwi barua, wala gazeti halina nafasi yake. Basi nakiandika mimi, kwa herufi kubwa, umsomee Hhando: DEREVA AZUNGUKA KABURI. Mwambie hiki hakikuchanika, habari yote ninayo. Mpe na shikamoo yangu, pamoja na blanketi lililofungwa kwenye mzigo wa Kornelia.

Kaburi la Mama hapa ni dogo, lakini nalifyeka mwenyewe kila mvua zikiisha. Baba ana wewe huko, Mama ana mimi hapa. Mbuzi usiwachape sana; Baba hakuwahi kufukuza mfugo.

Msalimie mkeo na watoto, na kila anayenikumbuka Gehandu na Gitting. Usiku huu Perpetua anapika chapati. Ile safari niliyokuwa nimeibeba moyoni nimeitua, na nimelala vizuri tangu hapo. Sitarudi.

Kaka yako,
Hermani Gidahosh